Barua Zenu: "Kwani historia huchonga mlango?"

SWALI

Shikamoo Bi. Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Baba yangu ni fundi wa nakshi na karakana iko chini ya nyumba yetu, kwa hivyo nimekua nikinusa mbao za bambakofi. Mwaka jana nilimaliza kidato cha nne nikapata B-. Mwimo wa mlango, ule ubao wa ubavuni, nauchonga mwanzo hadi mwisho bila baba kunisimamia. Mwalimu wangu mmoja alinishauri nikasome historia ya sanaa na ubunifu chuo kikuu, kisha nitafute kazi katika filamu, makumbusho au mitindo. Nilipomweleza baba aliweka patasi chini akaniuliza, "Kwani historia huchonga mlango?" Ami yangu naye asema kama ni kusoma, basi nisome uuguzi au uhasibu. Naogopa nisije nikasoma miaka minne nikarudi kukaa barazani. Tena sitaki kubaki karakanani nikirudia maua yale yale maisha yangu yote bila kujua yametoka wapi. Nifanye nini, Bi? Na hiyo historia ya sanaa, mtu hufunzwa nini hasa?

Mwana wa fundi, Langoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jibu nakupa kwanza usije ukalitafuta hadi chini: nenda kasome, na patasi nenda nayo.

Swali la baba yako ni la haki, na mimi nililikuta nyumbani kwetu pia. Nilipotaka kwenda Nairobi kusomea fani hii, mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza vipi alipe karo nikafunzwe vitu tunavyovilalia na kuvikalia. Kitanda nilicholalia kweli kilikuwa cha babu yake. Siku ile nilinyamaza. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, kwa aibu, na aliyenipa ni fundi kama baba yako.

Ilikuwa hivi. Mwenye nyumba mmoja wa Shela alinunua mlango, akataka aandikiwe maelezo yake. Mimi nimehitimu karibuni, nina daftari na kamera. Nikausoma mlango: kizingiti cha juu kimenyooka, mfaa, ule ubao wa katikati, umejaa maua ya duara, miimo imezungushwa mnyororo. Nikaandika kuwa ni wa karne ya 18. Fundi mzee aliyeitwa kuusimamisha alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akamwambia mwanafunzi wake wausaidiane kuugeuza. Kwa nyuma mbao zilikuwa na mistari iliyopinda kama kucha za mwezi mwandamo, mstari juu ya mstari, nafasi zimelingana. Hiyo ni alama ya msumeno wa duara, wa mashine. Akanionyesha ubao mwingine uliokuwa ukutani, uliotengenezwa kwa tezo, akaniambia nipitishe kiganja. Ulikuwa na mabonde madogo yasiyolingana, kama maji ya mlangoni mwa mkondo wa Mkanda upepo unapoanza. Akasema, "Huu mlango wako, bibie, umri wake haufiki wako."

Nikayafuta maelezo mbele ya mwenye nyumba. Tangu siku hiyo sijaandika neno juu ya kitu ambacho sijakigeuza.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Jioni ile ile tukinywa kahawa, yule mzee aliniuliza kwa nini milango ya Unguja imejaa misumari mikubwa ya shaba na yetu haina, na kwa nini mingine ya kule imeviringwa juu kama nusu mwezi. Amechonga miaka 50 na hakuna aliyewahi kumweleza. Nikamweleza juu ya matajiri wa Unguja wa karne ya 19, biashara yao na Bara Hindi, mafundi wa Kihindi waliokuja na mikono yao na mitindo yao, na jinsi mlango ulivyokuwa kadi ya mwenye nyumba kabla hujabisha hodi. Alisikiliza kwa hamu ya mtoto. Yeye alijua zana, mimi nilijua safari ya mitindo, na kila mmoja alikuwa na nusu. Wewe una bahati ya kuzipata nusu zote mbili katika kichwa kimoja, na watu wa namna hiyo pwani hii ni wachache mno. Hilo ndilo jibu la kumpelekea baba: historia haichongi mlango, ila humwambia anayeuchonga ni mlango gani, wa nani, na thamani yake yatoka wapi.

Sasa, hufunzwa nini? Wengi hudhani ni kukariri majina ya wachoraji wa Ulaya na miaka yao. Hayo yamo, na utayakariri. Kiini chake ni kutazama kitu mpaka kikuambie sababu zake. Chukua chumba cha nyumba ya mawe hapa Mkomani. Majina ya vyumba vyake ni msana wa tini, msana wa yuu na ndani: vyote virefu na vyembamba, kama mita 3 kwa upana au pungufu. Mgeni atasema Waamu walipenda vyumba vyembamba. Tazama dari. Imeshikwa na boriti za mkoko, na mti wa mkoko wenye unene wa kubeba dari ya mawe na chokaa una urefu wake, ukiuzidisha hupinda. Upana wa chumba uliamuliwa msituni kabla mwashi hajachanganya chokaa. Kisha utajiuliza, ikiwa chumba ni chembamba na chenye giza, mwenye nyumba alifanyaje kionekane kikubwa? Hapo ndipo unapoziona zidaka za ukuta wa ndani kwa jicho jipya: safu kwa safu za vishubaka vya chokaa, vingi vyake vya karne ya 18, vikipokea mwanga hafifu kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, na kuugawa. Huo ndio usomi wenyewe. Ukiuzoea hutaingia tena nyumba ya watu ukaona kuta tu.

Jizoeze kabla hujafika chuoni. Nenda makumbusho ya Lamu pale ufukweni, ukae mbele ya kiti cha enzi kimoja dakika 40, bila simu. Utaona kwanza kwamba hakikufanywa kwa ajili ya starehe, maana kinamkalisha mtu wima kama kadhi. Halafu utaona vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kwenye mbao nyeusi, na miraba iliyofumwa kwa uzi mgongoni na kwenye kikalio. Utaona pa kuwekea miguu pamejitokeza mbele, ili miguu ya mgeni wa heshima isiguse sakafu. Inama utazame viungo. Ukishaviona vyote hivyo ndipo usome ubishi wa wataalamu: wako wanaokihusisha kiti hiki na Misri ya Wamamluki, watawala wake wa zamani, wako wanaokivuta kwa Wareno na Wahispania. Utakuwa na la kusema, kwa sababu umetazama.

Jambo moja naomba ulizingatie sana. Utasikia mitaani kwamba mnyororo kwenye mwimo maana yake nyumba hiyo iliweka watumwa, samaki maana yake uzazi, na kadhalika. Wageni hupenda hadithi hizi nazo husimuliwa kila siku. Wewe uliza: nani alisema, lini, na alipata wapi? Baba yako akichonga mnyororo leo, anamfikiria nani? Pengine anafikiria tu kuupa ukingo mwisho mzuri. Anayeuliza hivyo ameshaanza kazi.

Masomo yatakupeleka mbali na Lamu pia, na ziko habari za huko ambazo mtoto wa fundi atazielewa haraka kuliko wenzake. Mwaka 1851 Waingereza walifanya maonyesho makubwa ya bidhaa za dunia jijini London. Wengi wao walirudi nyumbani wakiwa na uchungu, kwa kuwa viwanda vyao vilikuwa na nguvu lakini vitu vyao vilikuwa vibaya kwa sura mbele ya kazi za India na kwingineko. Mwaka uliofuata, 1852, wakafungua makumbusho kwa ajili ya kufunza jicho la mafundi na wenye viwanda. Ndiyo leo huitwa Victoria and Albert. Ilipohamia South Kensington mwaka 1857 wakaiwekea taa za gesi ili anayeshinda kiwandani aweze kuja usiku kutazama. Fikiria hilo: taa ziliwashwa kwa ajili ya watu kama baba yako. Mmoja wa waliofaidika ni William Morris, mbunifu wa vitambaa na karatasi za ukutani, ambaye alizichungulia nguo za kale uzi kwa uzi kisha akarudi kwenye mapipa yake ya rangi. Mwaka 1893 makumbusho hayo yalimwita awashauri kama wanunue zulia kubwa la Ardabil, kutoka Iran, akawahimiza walinunue. Zulia hilo limefumiwa tarehe ya 946 Hijria, na jina la Maqsud wa Kashan. Morris aliweza kulipima kwa sababu mikono yake mwenyewe ilishafuma na kutia rangi.

Na hapo kwenye Hijria pana mtaji wako ambao huenda hujauhesabu. Umepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi za Kiarabu unazisoma. Mwanafunzi mwenzako wa Nairobi atatumia miaka kuzitafuta. Kiswahili cha Lamu kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi, na miswada yetu imelala Dar es Salaam, London na Ujerumani ikisubiri wasomaji. Huko Siyu, kisiwani Pate, walinakshi misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na manjano. Siku ukiona ukurasa mmoja, ulinganishe maua yake na ya mfaa anaouchonga baba yako. Muhamadi Kijuma, wa hapa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchonga mbao kwa pamoja. Wataalamu wa Ulaya waliagiza miswada kwake, na mtindo mmoja wa nakshi za milango bado huitwa kwa jina lake. Hakuona haja ya kuchagua kati ya kalamu na patasi.

Tuje kwenye mshahara, maana ami yako hakukosea kuuliza. Tangazo la kazi linalosema "anatakiwa mwanahistoria wa sanaa" sijaliona Kenya. Kazi zipo kwa majina mengine: mhifadhi, mwandishi wa katalogi, mtafiti wa filamu, mbunifu wa vitambaa, msimamizi wa ukarabati wa nyumba za kale. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kila nyumba inayokarabatiwa humu yahitaji mtu wa kusema kipi kiguswe na kipi kiachwe. Mwaka jana mimi nililipwa na kazi tatu. Niliandika maelezo ya maonyesho, nikashauri ukarabati wa nyumba moja Mkomani, na kwa wiki mbili nikapanga jiko la filamu fupi ya miaka ya 1950. Jikoni pale nilikuta wameweka beseni la plastiki la buluu katikati ya sakafu. Nikaliondoa, nikaweka karai la bati, mbuzi ya kukunia, na kifumbu cha kuchujia tui nilichokiazima kwa jirani. Mwigizaji, mama mtu mzima, alikishika kifumbu akaanza kukikamua bila kuambiwa, na mwongozaji akabadilisha tukio zima ili aendelee. Kwa hilo nililipwa vizuri. Kisha ikapita miezi miwili sikupata kitu. Ndiyo sababu nikakuambia patasi nenda nayo. Mimi sikuwa nayo, na miezi hiyo niliihisi.

Kwa njia ya kuingilia: B- yakutosha, kwa kuwa shahada yaanzia C+. Kwenye lango la KUCCPS, linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kozi zenye jina la historia ya sanaa pekee ni nadra. Mara nyingi historia imo ndani ya shahada ya sanaa na ubunifu. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fani hizi, na ng'ambo ya mpaka kuna Makerere, ambako shule ya sanaa imebeba jina la Margaret Trowell aliyeianzisha miaka ya 1930. Kabla hujachagua, andikia idara uulize masomo ya historia ni mangapi na nani huyafundisha. Jibu likiwa "moja tu, mwaka wa kwanza", tafuta kwingine. Omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema. Shahada ya pili, ukitaka kuisoma Uingereza, kuna ufadhili wa Chevening na wa Jumuiya ya Madola.

Kazi ya kwanza, nayo haihitaji chuo: mwombe baba akueleze, huku simu ikirekodi, jina la kila zana, kila kato na kila ua analolichonga. Muulize alifunzwa na nani, na huyo alifunzwa na nani. Usimsahihishe jina hata kama kitabuni ni jingine. Ukiniletea daftari hilo nitalisoma lote, na baba yako atakuwa ameona kwa macho yake kwamba historia unayoiendea imeanzia kwake.

SWALI

Bi, mimi ni msichana wa Malindi, nabuni leso (khanga) kwa kompyuta na kuuzia wafanyabiashara. Mteja ameniambia umbo la korosho nililolichora "nimeiba kwa Wahindi". Je, ni kweli? Na nikisoma historia ya ubunifu itanisaidia nini?

JIBU

Hujaiba, mwanangu, ila naye ana sababu. Umbo tunaloliita korosho ni tone lililopinda kichwa. Lilikuwa kwenye shali za Kashmir, na kabla ya hapo Uajemi. Shali hizo zilipopendwa Ulaya, mji wa Paisley, Uskoti, ukaziiga kwa wingi mpaka Waingereza wakaliita umbo hilo kwa jina la mji. Lilipotua kwenye leso zetu, tukalitazama tukaona tunda la shambani kwetu. Kila aliyelipokea alilipa jina lake na kazi yake. Leso nayo imesafiri hivyo: wenye maduka wa Mombasa, kama nyumba ya Kaderdina iliyoanza 1887, walipokea maoni ya wanawake wa pwani, na vitambaa vikachapishwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani.

Manufaa kwako ni haya. Ukijua pindo, mji (uwanja wa katikati) na jina (msemo ulioandikwa) vilivyogawana nafasi tangu leso za mwanzo, utajua unavunja nini unapovunja. Ukijua kisutu ni nguo ya bibi harusi, hutakipaka rangi ya tangazo la simu. Na mteja akikutuhumu utamjibu kwa ushahidi. Michoro yako mwenyewe iandikishe kwenye Bodi ya Hakimiliki, na utunze faili zenye tarehe. Ukitaka kutumia ruwaza za jamii nyingine, jua kwamba Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za kijadi. Waendee wenyewe kwanza.

SWALI

Natembeza wageni kwenye magofu ya Gedi. Wageni huniuliza juu ya vipande vya vyungu na bakuli, nami hujibu "vya Kichina" kwa vyote. Nina miaka 41, sina uwezo wa chuo. Nianzie wapi?

JIBU

Anzia kwenye ukingo uliovunjika, kaka yangu. Uso wenye rangi hudanganya; pavunjikapo husema kweli. Kipande cha kijani cha Kichina kina udongo mgumu wa kijivu cheupe, na kikigongwa kidogo hulia. Kile cha buluu au kijani kilichotoka nchi za Kiislamu kina udongo laini wa manjano hafifu, na rangi yake mara nyingi imebanduka. Omba ruhusa kwenye makumbusho yaliyo hapo hapo uvitazame vyote viwili pamoja, mara kadhaa, mpaka jicho lizoee. Uwanjani usiokote hata kimoja, maana sheria ya urithi ya 2006 inavilinda, na kipande kilichohamishwa kimepoteza nusu ya habari zake.

Kisha jizoeze kusimama kwenye lile kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, uwasomee wageni tarehe hiyo kwa Kiarabu kwanza. Gedi imeingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na wageni watakaokuja sasa watauliza maswali magumu zaidi ya hayo. Ukipata kipande cha kukutatiza, kichore kwa penseli, na ukingo wake pia, unitumie.